Betri Iliyolala Nyumbani Kwetu

Majuzi fundi alikuja ofisini kwetu Westlands kubadilisha zile betri kubwa zinazoshikilia kompyuta stima ikipotea. Alizitoa kabatini moja moja, akazipanga sakafuni, kisha akaniomba maji moto kwenye kikombe. Vichwa vya betri mbili vilikuwa vimeota ule unga mweupe wenye ukijani kwa mbali. Alipoumwagia maji ukachemka, na harufu yake ikanifikia mezani. Ni harufu ya asidi na chuma, inayoingia puani na kukaa kooni. Wenzangu walifungua madirisha wakilalamika. Mimi niliinuka nikaenda kusimama karibu naye.

"Usiziweke chini kwa simiti," nilimwambia. "Tafuta ubao."

"Madam, hiyo ni mambo ya kitambo," alisema, bila ubaya wowote. "Hizi hazijali."

Nilirudi kwenye kiti changu, lakini kazi ya maana haikufanyika tena siku hiyo. Mtu wa miaka yangu anapaswa kuwa na aibu kidogo ya kulilia betri za kampuni, basi nikajifanya nina mafua.

Mliokulia nyumba zenye soketi ukutani mtanivumilia. Sisi tuliishi Kawangware, kwenye ploti ya vyumba kumi vya mabati vilivyopangwa kwenye mteremko. Nguzo za stima zilipita barabarani zikaenda kwa wengine. Baba alikuwa dereva wa teksi. Gari lilikuwa lake, kuukuu, rangi ya chai ya maziwa, na alisimama nalo mjini, nje ya benki, akingoja watu wenye haraka. Siku zile wezi hawakusumbuka na magari ya aina hiyo, ila betri zake walizipenda sana. Kwa hiyo kila jioni Baba alifungua boneti, akalegeza nati mbili, akaibeba betri kifuani ikiwa imefungwa kwa gunia, akaingia nayo ndani. Ililala nasi chumbani, juu ya kipande cha ubao, kwa sababu alishikilia kwamba betri ikikaa kwenye simiti, simiti inainyonya. Shati zake zote zilikuwa na matundu madogo ya asidi kifuani. Mama aliyaziba moja moja kwa sindano na uzi wa rangi iliyokaribiana na shati, akimwambia kwamba angeolewa na mwenye duka la vitambaa kama angejua.

Kwa kuwa betri ilikuwa ndani, Baba hakuona sababu ya kuiacha ikae bure. Alivuta waya mbili kutoka hapo hadi kwenye taa ya indiketa aliyoining'iniza kwenye msumari juu ya meza. Alitoa redio kwenye gari lililopata ajali, akaitengenezea sanduku la mbao. Alichukua kifeni kidogo cha kupuliza joto garini, akakigeuza kiwe cha kupuliza jiko la makaa, na chai kwetu ilichemka kabla majirani hawajamaliza kupepea. Mama alisema nyumba yake ni gari lisilo na magurudumu, na kwamba siku moja ataamka akute Baba ameifunga honi mlangoni. Alisema hivyo mbele za wageni, na nilijua anajivunia.

Lakini mfalme wa nyumba alikuwa televisheni. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, Baba aliuziwa na abiria aliyekuwa anahama. Nyuma yake ilitoka waya yenye vibanio viwili vya meno, kimoja chekundu na kimoja cheusi. Chekundu kiliuma kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha, cheusi kikauma kingine. Kwanza zilitokea chembechembe zikicheza kama mchele unaopepetwa, kisha sauti, na mwisho sura ya mtu. Majirani waliingia na vibago vyao. Mama Akinyi wa chumba cha pili, mama mnene mwenye kicheko kikubwa aliyetoka pande za Siaya, alikuwa na mahali pake karibu na mlango, na hakuna aliyethubutu kupakalia.

Sheria ilikuwa moja. Betri hiyohiyo ndiyo iliyotakiwa kuliwasha gari asubuhi, na ilikuwa imezeeka. Ilipoanza kuchoka, picha ilirudi ndani: weusi uliingia kutoka kando zote nne, na watu wakapungua kidogo. Hapo Baba aliinua mkono, akazima. Angezima hata kama waziri yuko katikati ya sentensi. Mama Akinyi alisonya akasema, "Baba Mwende, si ungengoja tu amalize?" Naye akajibu kila mara, "Kesho gari ikikataa, huyo waziri atakuja kusukuma?"

Sasa nieleze nilivyoielewa betri, kwa maana kila kilichofuata kilitoka hapo. Nilikuwa na miaka saba. Nilimuuliza Baba ndani ya betri mna nini. Alikuwa anakula, na Baba akila hakuwa na majibu marefu. "Inajijaza," alisema. "Gari ikizunguka huko tao, inajijaza yenyewe. Jioni inatupatia."

Hilo lilinitosha. Nilielewa kwamba betri, ikiwa imekaa pale mbele ya gari, inaokota kila inachokutana nacho mjini, na jioni inatumwagia kwenye televisheni. Ndiyo maana tuliona wanaume wenye tai, majumba marefu, magari mengi na mikutano. Baba alipita hapo. Sisi wenyewe hatukuonekana kwa sababu tulikaa nyuma ya betri, nayo inaangalia mbele. Na Jumapili, siku ambayo Baba hakufanya kazi bali alituendesha kanisani na kurudi, jioni televisheni ilionyesha nini? Kwaya. Nani angenibishia? Siku moja tuliona watu wamevaa makoti mpaka magotini, wanatembea kwenye theluji. Nilimuuliza Baba alikuwa amepeleka abiria wapi. Akasema Westlands. Nilikaa miaka nikiamini kwamba Westlands ni baridi ya kuua mtu.

Hakuna aliyejua ninawaza hivyo. Sikuona haja ya kumwambia mtu, kama ambavyo hakuna anayemwambia mwenzake kwamba maji yanalowesha.

Kisha Mama akaugua. Tumbo lake lilianza kuvimba upande mmoja, akalificha chini ya leso, akawa anakaa chini mara nyingi wakati wa kupika. Asubuhi moja Baba alimsaidia kuingia kwenye gari, kiti cha mbele, na jioni akarudi peke yake amebeba betri na viatu vya Mama. Alisema Mama amelazwa hospitali, madaktari wanataka kumwangalia kwanza kabla ya kumpasua.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Hiyo ilikuwa sheria ya hospitali zote tulizozijua, wala Baba hakuilalamikia. Alienda kila mchana saa ya kuona wagonjwa, na jioni akaniletea salamu. "Mama amekusalimia. Anauliza kama unakunywa uji." Nilijibu nakunywa. Siku za kwanza salamu zilinitosha, lakini wiki ya pili zilianza kuonekana zinafanana. Nilianza kushuku kwamba Baba anazitunga njiani. Matundu ya asidi kwenye shati zake yalikuwa yamebaki wazi, fulana ya ndani ikichungulia, na kila nilipoyaona niliogopa. Nilitaka kumwona Mama kwa macho yangu. Sikutaka kingine chochote.

"Baba," nilimwambia asubuhi moja akifunga nati za betri, "ukienda leo, paki gari karibu na Mama. Iangalie dirisha yake."

"Ili iweje?"

"Basi tu."

Alidhani nataka Mama alione gari. Jioni akaniambia kwa furaha kidogo, "Nimepaki chini ya dirisha yake kabisa. Ako gorofa ya pili." Nilinawa uso, nikakaa mbele ya televisheni kabla ya majirani, karibu kuliko nilivyoruhusiwa. Wakapita mawaziri, ikapita mvua iliyoharibu barabara, ikapita mechi. Weusi ukaanza kuingia kando, Baba akainua mkono, akazima. Mama hakuwa ametokea.

Nililala nikipiga hesabu, na hesabu ilikubali. Mama alikuwa mtu wa mwisho kutoka kila mahali. Kanisani tulimngoja kwenye gari mpaka kiti kikapata moto, yeye yuko mlangoni anamsalimia kila mtu na kuuliza habari za wajukuu. Bila shaka hata ndani ya betri angewaacha wengine watangulie. Zamu yake ilikuwa ya mwisho kabisa, baada ya picha kurudi ndani, na hapo ndipo Baba alipozima. Kila jioni tulikuwa tunamfungia Mama ndani akiwa ndiye anayefuata.

Kesho yake jioni watu wa jumuiya walikutana kwa Mama Akinyi kumwombea Mama, kwa kuwa asubuhi iliyofuata ndiyo ya upasuaji. Nilimwambia Baba nina hesabu za shule. Walipoanza wimbo wa kwanza nilifunga mlango kwa komeo, nikachukua vibanio. Chekundu kwa chekundu, cheusi kwa cheusi. Betri niliruhusiwa kuiangalia tu. Nikawasha, nikapunguza sauti.

Picha ilirudi ndani mapema kuliko kawaida. Nilikuwa sijawahi kuona kinachofuata. Watu wakawa wadogo, ndani ya dirisha la ukubwa wa bahasha, sauti zao zikawa nzito na za kuvuta. Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Bahasha ikawa kiberiti. Niliita, kwa sauti ya chini, "Mama, ingia sasa." Kiberiti kikawa nukta moja nyeupe katikati, ikakaa muda, ikazimika. Upande wa pili wa mabati walikuwa wanasema amina.

Nilirudisha kila kitu mahali pake. Baba alipoingia nilijifanya nimelala na kitabu kifuani. Alikuwa amechoka, hakuwasha hata taa, akala kwa mwanga wa mshumaa aliopewa na Mama Akinyi.

Asubuhi alivaa koti la kanisani. Daktari alimtaka afike kabla ya saa mbili, kabla Mama hajaingizwa kupasuliwa. Aliifunga betri, akaingia garini, akapiga ufunguo. Gari lilisema *tik*. Akapiga tena. *Tik*. Alishuka, akafungua boneti, akaomba maji moto, akaosha vichwa vya betri, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama. *Tik*. Wanaume wa ploti walitoka vyumbani na miswaki midomoni. Mama Akinyi alikuja akifunga leso.

"Imekataa kabisa?" akauliza.

"Imekufa," Baba akasema. "Na jana jioni sikuigusa. Sielewi." Alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, anaangalia saa, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona hapo. Nilijua hofu ya watoto, lakini sikuwa najua watu wazima nao wanayo.

"Baba, ni mimi," nilisema. "Nilitazama televisheni mpaka ikaisha."

Mama Akinyi alinivuta nyuma ya leso yake, akidhani nitachapwa, na mimi pia nilidhani hivyo. Baba akasema, "Sukumeni kwanza."

Wakasukuma. Wanaume sita, Mama Akinyi, na mimi nikishikilia bampa na sare yangu ya shule. Gari liliteremka polepole kwenye matope, likaongeza mwendo, Baba akaachia klachi, likaruka, likakohoa, likazima. Wakasukuma tena. Karibu na mwisho wa mteremko, pale ambapo barabara inakuwa tambarare na matumaini yanaisha, likashika, likatoa moshi mweusi uliotufunika sote. Baba hakuthubutu kuondoa mguu kwenye mafuta. Alinyoosha mkono akafungua mlango wa upande wa pili.

"Mwende, ingia."

"Baba Mwende, usimchape huko barabarani," Mama Akinyi alisema akihema. "Ni mtoto tu."

"Simchapi," alisema Baba.

Tulienda mpaka tulipoingia Ngong Road. Hapo akauliza, bila kunitazama, "Ulikuwa unatafuta nini kwa hiyo televisheni?"

"Mama."

Nilimwambia yote. Betri inavyookota, kwaya za Jumapili, baridi ya Westlands, kwa nini nilimwomba apaki karibu na dirisha, na kwamba Mama huwa wa mwisho na sisi tunazima kabla ya zamu yake. Nilieleza haraka, kwa sababu niliona ni jambo linaloeleweka, na ningeonekana mwenye makosa madogo tu. Tulipofika kwenye maduka ya Adams, Baba alitoa gari kando karibu na stendi, akaacha injini ikinguruma. Alishika usukani kwa mikono miwili. Kisha akachukua kile kitambaa cha kupangusia kioo akapangusa uso wake, na kikamwachia alama ya grisi kwenye shavu.

"Na jana ulingoja mpaka mwisho?"

"Mpaka ikawa nukta."

"Hakuja?"

"Hakuja."

Akatikisa kichwa taratibu. "Pengine nilipaki vibaya," alisema. "Twende tupaki pazuri."

Alipaki kwenye mteremko ndani ya uwanja wa hospitali, uso wa gari ukielekea wodi, akatia jiwe chini ya gurudumu. Mwenye betri iliyokufa hapaki tambarare. Askari wa mlangoni alikuja kusema mtoto hapandi, na Baba akamjibu hapandi, anabaki kwa gari, na akamwomba anitupie jicho. Alipotaka kuondoka nilimshika koti.

"Baba, boneti."

"Boneti imefanya nini?"

"Imefunikwa. Haioni."

Alikuwa amechelewa, ninajua leo alivyokuwa amechelewa. Alirudi, akafungua boneti, akaisimamisha kwa kile chuma chake, akahakikisha haitaanguka. Akainama kidogo kutazama kama betri na lile dirisha vimeelekeana. Kisha akakimbia kuelekea ngazi. Bwana mmoja aliyekuwa akipita aliniuliza gari limeharibika nini, nikamwambia halijaharibika, linaangalia.

Nilihesabu madirisha ya ghorofa ya pili mara nyingi. Kwenye la nne pazia likasogea, na Mama akasimama hapo. Alikuwa amevaa gauni la hospitali, kichwa amefunga kitambaa cheupe, na uso wake ulikuwa mwembamba kuliko wa salamu alizoniletea Baba. Nilimpungia kwa mikono miwili. Alipunga kwa mmoja, wa pili ukiwa umeshika kizingiti. Aliniangalia kwa makini, kutoka viatuni kupanda juu, kama alivyoniangalia kila asubuhi mlangoni kabla ya shule. Kisha akakunja uso. Akashika shingo yake mwenyewe, akavuta kola ambayo hakuwa nayo, akaigeuza nje.

Nilijishika. Kola yangu moja ilikuwa ndani ya sweta, nyingine nje. Niliitoa nikaikunja vizuri. Mama akaangalia, akakubali kwa kichwa, na hapo ndipo alipotabasamu. Baba alitokea nyuma yake, na sista wa wodi akamshika Mama bega kwa upole. Pazia likarudi.

Baba aliposhuka tulifunga boneti pamoja. Gari tulilisukumiza kwa mteremko likashika, akaniacha shuleni saa ya mapumziko, akarudi hospitali. Nilimwambia jirani yangu wa dawati kwamba jioni mama yangu atakuwa kwenye televisheni. Hakuamini, na sikumlaumu, kwa sababu hakujua tulivyopaki.

Ukweli wa betri niliujua kidato cha pili. Mwalimu wa fizikia alichora ubaoni madini ya risasi na asidi na mishale ya kwenda na kurudi, akaeleza kwa ufasaha kwamba hakuna kinachoingia kutoka nje isipokuwa chaji. Nililia darasani. Alidhani ni kwa sababu ya alama za mtihani, akaniambia nisome kwa bidii. Baba bado yupo, siku hizi anaishi kwetu Machakos, ana paneli ya sola juu ya paa na anailalamikia kwa sababu haina nati za kukaza. Hatujawahi kuzungumza kuhusu jioni ya siku ile ya upasuaji. Kuna watu wangesema alipaswa kuniambia mapema, mara tu alipoingia mlangoni. Mimi sisemi. Sasa nina watoto wawili, na bado sijui ningeanza sentensi ile kwa neno gani.

Mama Akinyi ndiye aliyenipokea kutoka shule. Alikuwa amefagia chumba na kuweka maji motoni. Baba aliingia jua likiwa halijazama bado, amebeba betri kifuani bila gunia, asidi ikila koti la kanisani. Baadaye sana madereva wenzake waliniambia kwamba mchana kutwa alikuwa akizunguka, Westlands, tao, Ngong Road, bila abiria, na waliompungia hakuwaona. Mama Akinyi alimtazama kutoka jikoni. Baba akatikisa kichwa. Mama Akinyi akaziba mdomo kwa leso akatoka nje haraka, na mimi nikadhani amemuuliza kama atakunywa chai, naye amekataa.

Aliiweka betri chini, kwenye simiti.

"Baba, ubao," nilimkumbusha.

Akainyanyua, nikausukuma ubao chini yake. Alikaa kwenye kiti akiangalia mikono yake. Nilikuwa nimeshanawa uso, na kola yangu ilikuwa imenyooka.

"Leo yumo," nilisema. "Leo aliona gari vizuri. Aliniona hata mimi."

Baba aliinuka kitini. Kisha akapiga magoti, akachukua vibanio, akakibana chekundu, akakibana cheusi, akawasha. Hakuna jirani aliyeingia jioni hiyo, nami nikafurahi kwamba tutakuwa na nafasi. Aliketi chini kando yangu, jambo ambalo hakulifanya kamwe, bega lake likagusa langu. Tulingoja chembechembe ziishe. Ikaja taarifa ya habari, wakaja wenye tai, nikawa ninamweleza kwamba hawa ni wa kutangulia tu, asiwe na wasiwasi. Alisema, "Sawa." Ikaja mikutano, ikaja michezo.

Weusi ukaanza kuingia kutoka kando. Niliutazama mkono wake. Ulikuwa umelala juu ya goti, haukuinuka. Watu wakapungua, sauti zikaanza kuvuta.

"Baba, imerudi ndani."

"Nimeona."

Nilimtaka Mama kuliko kitu chochote, lakini asubuhi ile nilikuwa nimejifunza kitu, na sikutaka kumwona tena Baba na kiganja juu ya boneti. Ningeweza kungoja siku moja zaidi.

"Zima basi," nilimwambia. "Kesho gari itakataa tena, na uko na safari ya kwenda kwa Mama."

Baba aliuchukua mkono wangu akauweka kati ya mikono yake miwili, ile iliyokauka kwa asidi. Macho yake hayakutoka kwenye kile kioo kidogo.

"Wacha tu iishe, Mwende," alisema. "Kesho hatuendi hospitali."